Uzito Usio wa Mizani

Gari lililoishiwa mafuta husimama. Lililoishiwa oili hufa. Dereva yeyote anaijua tofauti hiyo, na Kiswahili kimeiweka wazi kuliko lugha iliyotukopesha mojawapo ya maneno hayo mawili. Mafuta kwetu ni neno pana. Yako ya kupikia, ya kujipaka na ya taa. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, na nyama ya mbuzi nayo ina mafuta. Magari yalipoingia, neno hilo likachukua kile kinachochomwa ili gari litembee. Kile kisichotakiwa kuungua, kinachopanda kutoka kwenye sampu, kikazunguka injini nzima na kuteremka tena, kilihitaji jina lake. Mafundi wakachukua neno la Kiingereza ambalo kwao hutaja hata mafuta ya alizeti, wakalibana mpaka likabaki na kazi moja. Oili ni ya mashine. Ukimwambia kijana wa kituoni "weka mafuta", atakuuliza petroli au dizeli, wala hatagusa boneti.

Nalipenda neno oili kwa sababu hiyo, na sioni haya kuliandika. Wapo wanaolikwepa wakaandika "mafuta ya injini", na nyaraka rasmi za biashara ya nishati Tanzania husema vilainishi. Kilainishi ni neno lenye umbo zuri, limechipuka kwenye mzizi wetu wenyewe, na kama jina la bidhaa zote za jamii hiyo, grisi ikiwemo, linafaa. Mashaka yangu yako kwenye picha linayoichora. Kulainisha ni kuondoa ukwaru: ubao hulainishwa kwa msasa, ngozi kwa mafuta. Anayelisoma neno hilo ataona chuma kilichopakwa utelezi kikiteleza juu ya chuma kingine. Ndani ya beringi ya kranki mambo hayaendi hivyo.

Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akichunguza beringi za ekseli za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie oili. Ekseli ilipoanza kuzunguka, oili ikapanda kupitia tundu lile badala ya kushuka. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akachomeka kipande cha mti, nacho kikatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita paundi 200 kwa inchi ya mraba, zaidi ya mara mbili ya wastani wa mzigo ulioikalia beringi ile. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Osborne Reynolds akatoa hesabu zake: shafti inayozunguka huivuta oili na kuisukumiza kwenye mwanya unaozidi kuwa mwembamba, shinikizo linapanda, na shafti inainuliwa. Inaelea. Injini ikiwa na afya na ikizunguka sawasawa, kranki na beringi zake hazigusani.

Neno linalobeba jambo hilo tunalo tayari, nalo ni utando. Wingu hutanda, ukungu hutanda, na oili hutanda katikati ya chuma na chuma. Suala zima la kuchagua oili ni suala la utando huo: uwe mnene kiasi gani, na ufike mapema kiasi gani pale unapohitajika. Ukishalijua hilo, ushauri unaotolewa kila siku gereji kuhusu magari ya zamani unaanza kudai maswali.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Fundi wa Ilala, au wa Kirinyaga Road kule Nairobi, akiletewa Corolla ya mwaka 1996 inayotoa moshi, aghalabu atasema: "Hii tia oili nzito." Waliosoma fizikia hukunja uso, kwa kuwa uzito ni wa mizani na kitabu chao kina istilahi ya jambo hili, mnato. Hapo mimi nasimama na fundi. Kiswahili kilisema uji mzito na mchuzi mwepesi kabla ya injini yoyote kushushwa bandarini, na hakuna aliyedhani kinachotajwa ni kilo. Lita moja ya oili ya injini haifiki hata kilo moja. Ni nyepesi kuliko maji kwenye mizani, ndiyo maana huelea juu ya dimbwi. Hata hivyo msemaji wa Kiswahili huiita nzito kuliko maji, na yuko sahihi, kwa sababu anataja namna inavyomiminika. Mnato, kwa upande wake, umetoka kwenye kunata, na kinachonata ni gundi na ulimbo. Oili njema hainati; tope jeusi lililoganda chini ya kava la tapeti ndilo linalonata, na hilo ni oili iliyotelekezwa.

Nakubali kwamba mnato una faida moja ambayo uzito hauna. Ukiandika mnato, msomaji anatarajia kipimo. Kipimo cha oili ni sentistoksi, kutokana na jina la mwanafizikia George Stokes, na jirani yake ni poizi, kutokana na Poiseuille, daktari wa Ufaransa aliyechunguza mtiririko ndani ya mirija myembamba akitaka kuelewa safari ya damu katika mishipa midogo. Nafurahi kujua kwamba mmoja wa mababu wa elimu hii alikuwa daktari, maana mafundi wetu nao huisema injini kama mwili: imechoka, inakohoa, inakula.

Kasoro ya "nzito" iko kwingine kabisa. Neno hilo linaitaja oili kana kwamba ina hali moja. Chukua 20W-50 ya kawaida. Kwenye joto la nyuzi 40 za selsiasi mnato wake ni kama sentistoksi 160. Ifikishe nyuzi 100, ambazo ni joto la kawaida la injini kazini, utaukuta kama 18. Ni kopo lile lile, na umeshuka karibu mara tisa. Kwa hiyo mtu akikwambia utie oili nzito, swali la kumrudishia ni: nzito lini?

Namba mbili zilizoandikwa kwenye kopo ndizo jibu la swali hilo. Chama cha Wahandisi wa Magari cha Marekani, ambacho herufi zake ni SAE, kilianza kuzipanga oili kwa madaraja ya mnato mwaka 1911, na mpango huo, ukirekebishwa mara nyingi, ndio unaotawala mpaka leo. Namba ya mwisho hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100. Daraja la 30 ni sentistoksi 9.3 hadi 12.5, la 40 huanzia 12.5 hadi 16.3, la 50 kutoka 16.3 hadi 21.9. Namba ya mwanzo, yenye W, hupimwa kwenye baridi kali: 20W hujaribiwa kama kranki itazungushika kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Hizo namba mbili hazipimwi kwa rula moja. Ishirini ya 20W si nusu ya kitu chochote kilicho katika 40.

Na ile W? Wengi huisoma kuwa inataja uzito, kwa kuwa neno la Kiingereza la uzito nalo huanza na herufi hiyo. Asili yake ni majira ya baridi ya kaskazini, ambayo sisi hatuna. Kipupwe cha Pwani ni nafuu ya joto tu. Hata Makete, ambako asubuhi za Juni na Julai nyasi huamka na sakitu, baridi haifiki pale 20W inapojaribiwa. Ndiyo maana wapo wanaosema namba ya mwanzo haituhusu, tuangalie ya mwisho tu. Wanakosea, na kosa lao limeziumiza injini nyingi. Kwa injini iliyozoea nyuzi 100, asubuhi ya Dar es Salaam yenye nyuzi 24 ni baridi. Saa hiyo oili yote imelala kwenye sampu, kemshafti iko juu kwenye silinda hedi na utando uliobaki ni mwembamba. 20W-50 wakati huo ni nzito zaidi ya mara mbili ya 5W-30, na inachelewa kufika juu. Sekunde hizo chache hurudiwa kila siku kwa miaka.

Ningependa tuisome W kwa Kiswahili: wakati wa kuwasha. Namba ya pili iwe ya wakati wa kazi. Uzito wa kuwasha na uzito wa kazi. Muuza vipuri na mteja wake wakiyashika maneno hayo mawili, ushauri wa "tia nzito" utalazimika kusema ni upi kati ya hizo mbili unaoongezwa. Mtu anayetoka 10W-30 kwenda 10W-40 ameongeza uzito wa kazi bila kugusa wa kuwasha. Anayeruka mpaka 20W-50 ameongeza zote mbili, mara nyingi bila kujua.

Lipo neno jingine katika ushauri ule ambalo fundi halitamki lakini ndilo linalomsukuma, nalo ni zamani. Gari ni la zamani, basi tia nzito. Lugha yetu ina utajiri mkubwa hapa, na inasikitisha kuona tunautumia wote kama kitu kimoja. Tunasema gari la zamani, gari lililotembea sana, gari kuukuu, gari lililochoka. Kila moja lina maana yake, na kila moja linaomba oili tofauti.

Lililotembea sana ni suala la kilomita. Corolla iliyotoka Japani na injini ya 5A-FE inaweza kutembea kilomita 250,000 ikiwa ringi zake bado zinabana na geji ya oili haina malalamiko. Injini hiyo imetembea, haijachoka. Haina sababu ya kupandishiwa namba. Kitabu chake, kama vitabu vingi vya magari ya miaka ya 1980 na 1990, kina chati inayopanga oili kwa joto la mazingira, na kwenye joto la kwetu 10W-30 au 15W-40 ya daraja zuri inaitosha. Kuitia 50 kwa heshima ya umri wake ni kuipa pampu kazi ya ziada, kupoteza mafuta kidogo kila safari na kuchelewesha utando asubuhi.

Iliyochoka ni habari nyingine. Miaka ya kusuguana imepanua mianya ya beringi, oili inapita kwa wepesi mno, na dalili yake inajulikana: injini ikishapata moto, gari likiwa kwenye sailensa, taa nyekundu ya oili inapepesa, na ukikanyaga inazimika. Hapo kuongeza uzito wa kazi, kutoka 30 kwenda 40 au kutoka 40 kwenda 50, ni msaada wa kweli. Mwanya uliopanuka unahitaji utando mnene zaidi. Fundi anayesema "nzito" kwa injini ya namna hii anajua anachosema, na sikubaliani na wanaomdharau. Ninachomwomba ni aongeze kwamba chuma kilichokwisha hakirudi, na kwamba taa hiyo ikianza kuwaka hata kwenye mwendo, suala la oili limekwisha na la kushusha injini limefika.

Kuukuu ningeliweka kando kwa ajili ya mpira. Sili za injini hukakamaa kwa joto na kwa kupita kwa miaka, hata gari lisipotembea. Gari la mzee aliyekuwa akienda nalo ibadani tu linaweza kuwa na chuma kizima na sili zilizokauka. Moshi wa bluu hapa una siri yake. Ukitoka kwa wingi gari linapowashwa baada ya kulala, kisha ukakatika, watuhumiwa wa kwanza ni sili za valvu, ambazo usiku kucha huachia oili idondoke kwenye silinda. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta mlimani, angalia ringi. Oili nzito huupunguza kidogo moshi wa ringi. Kwa sili za valvu haina msaada wa maana, na sili hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Zipo oili zilizotungwa kwa ajili ya magari yaliyotembea zaidi ya kilomita 120,000 au hapo, zenye viongezi vinavyoulainisha mpira na kuuvimbisha kidogo. Hapo kweli neno kulainisha limepata mahali pake.

Hofu kwamba oili ya sintetiki huvujisha injini kuukuu imetokana na sintetiki za mwanzo, ambazo baadhi zilisinyaza sili. Za leo zimerekebishwa. Kinachobaki kweli ni kwamba oili mpya yenye uwezo mkubwa wa kusafisha ikiondoa tope lililokuwa limeziba ufa, ufa utaonekana.

Sasa zamani yenyewe. Peugeot 504 ilizaliwa mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na ikaendelea kubeba abiria na mizigo Afrika Mashariki kwa miongo. Unaweza kuifungua injini ya 504 ukaijenga upya kwa vipuri vipya kabisa, isiwe imechoka, isiwe kuukuu, na bado ikawa ya zamani, kwa sababu uzamani wake uko kwenye mchoro. Ndani yake ncha za kemshafti husugua uso bapa wa tapeti kwa mgandamizo mkubwa sana. Mahali hapo ule utando wa Reynolds hukatika mara kwa mara, na kinachookoa chuma ni tabaka jembamba la kemikali lililoachwa na kiongezi chenye zinki na fosforasi, kilichoanza kutumika miaka ya 1940.

Ili kuijua oili yenye kiongezi hicho cha kutosha, namba hazisaidii. Inabidi kusoma herufi, na hapa ndipo biashara yetu ya oili ina pengo kubwa. Mteja huomba "arobaini" au "ishirini hamsini", akapewa, akaondoka. Ndani ya duara la nembo ya Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, kuna herufi mbili ambazo hakuna aliyeziuliza. Za injini za petroli huanza na S, za dizeli kwa kawaida na C, na herufi ya pili hupanda kadiri miaka inavyokwenda. SF iliandikwa kwa injini zilizotengenezwa hadi mwaka 1988, SG hadi 1993, SH hadi 1996, na taasisi yenyewe imeshazitangaza zote tatu kuwa zimepitwa na wakati. SJ ni ya magari ya hadi 2001. Zikafuata SL, SM, SN, na mwaka 2020 SP. SF bado huonekana kwenye rafu za vipuri, bei yake ni nzuri, na muuzaji akiambiwa gari ni la mwaka 1987 huona ameipata oili ya rika lake. Mantiki hiyo inasikika vizuri lakini si sahihi. Herufi ya juu kwa kawaida hubeba kazi ya zile za chini yake, ikiongeza usafi na ustahimilivu wa joto. Oili haihitaji kuwa rika la injini.

Isipokuwa kwenye zinki. Fosforasi ya kiongezi kile huharibu vichocheo vya kusafishia moshi vya magari mapya, kwa hiyo tangu SM ya mwaka 2004 kiwango chake kimewekewa kikomo cha asilimia 0.08 katika oili za namba nyepesi kama 5W-30. Kikomo hicho hakizigusi 10W-40 wala 20W-50. Kwa hiyo mwenye 504 anayechagua 20W-50 yenye herufi za juu amechagua vizuri, ingawa huenda anadhani sababu ni uzito. Uzito umempeleka kwenye kopo sahihi, lakini tapeti zake zinalindwa na kitu ambacho namba haikitaji.

Limebaki neno kula. Gari linakula oili, husemwa, na mara nyingi husemwa kwa gari ambalo halili. Linavuja. Kabla ya kuamua kubadili namba, tandika boksi chini ya injini usiku kucha uone. Lisipodondosha kitu na kiwango kwenye kijiti kinashuka, hapo linakula, na inafaa ujue ni kiasi gani. Watengenezaji wengi wameandika lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa kikomo cha kuvumilika. Hatari ya neno hili ni kwamba limezaa jingine, kuongeza. Mwenye gari huongeza, huongeza tena, mwaka unapita, na kwa kuwa kijiti kinasoma kimejaa anaamini oili ni mpya. Kiongezi kimeisha, asidi imejilimbikiza, na masizi hayakwenda popote. Weusi wenyewe usikutishe haraka, maana oili inayosafisha lazima ibebe uchafu, na ya dizeli hugeuka nyeusi siku chache tu baada ya sevisi. Lakini uchafu uliobebwa hutoka kwa njia moja, kumwaga. Gari linalokula nusu lita kila kilomita 1,000 linaweza kuongezwa kati ya sevisi na sevisi kwa miaka mingi, mradi kopo la kuongezea lina namba na herufi zile zile za oili iliyomo, na mradi kilomita za kumwaga zikitimia imwagwe yote, oili ikiwa bado ya moto, na filta ibadilishwe pamoja nayo.